Bogenvilia iliyochanua: jinsi ya kukata vipando na kuviotesha mizizi katika joto la Dar

Mwezi huu watu wanne wamenijia na kilio kimoja. Wameomba kitawi cha bogenvilia kwa jirani, wamekichomeka kwenye kopo, kimetoa majani ndani ya siku kumi, wamefurahi, na wiki ya nne kimekauka chote. Mmoja alikuja na kopo lake mpaka nyumbani kwangu Tabata. Tulimwaga udongo pale barazani. Juu shina lilikuwa na vijani vitano vilivyosinyaa. Chini hapakuwa na mzizi hata mwembamba kama unywele.

Chanzo ni kwamba kitawi hubeba akiba ya chakula ndani ya shina, na majani ya kwanza hutokana na akiba hiyo. Hayatokani na mizizi. Kama mizizi haijawahi kutoka, akiba inakwisha na kitawi kinakufa kikiwa kimependeza. Kitawi kilichokatwa kikiwa na maua kiko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu maua nayo yanakula kutoka chungu hichohicho.

Tumezoea pingili za mihogo na marando ya viazi, vitu unavyochomeka ardhini na kuvisahau. Bogenvilia haiko hivyo. Inaota vizuri kabisa, ila inataka mpangilio.

## Vifaa, uviandae kabla hujagusa mti

- Mkasi mkali wa kukatia matawi, na wembe mpya
- Spiriti na kitambaa safi
- Mchanga wa mto, ule wa kujengea
- Usumba, yaani nyuzi na vumbi la makumbi makavu ya nazi
- Chenga za mkaa, zipondwe ziwe ndogo kama choroko
- Chupa za maji za nusu lita zinazoonyesha ndani, moja kwa kila kipando
- Chupa kubwa za lita 5 au zaidi, zilizokatwa kitako, za kufunikia
- Nailoni nyeusi au kitambaa cheusi
- Dawa ya mizizi ya unga, kutoka duka la pembejeo
- Uzi wa rangi na makapeni
- Chupa ya kupulizia maji

Viriba vyeusi vya miche vinafaa, lakini kwa anayeanza napendelea chupa za nusu lita. Utaiona mizizi bila kuchimbua, na kuchimbua ndiko kunakoua vipando vingi kuliko ugonjwa wowote. Zamani nilikuwa nafunika kwa mifuko ya rambo. Tangu ipigwe marufuku Juni 2019 nimehamia kwenye chupa, na kwa kweli chupa ni bora: haziangukii majani wala hazipeperushwi na upepo.

Mchanga wa ufukweni usiuguse. Una chumvi, na chumvi hunyonya maji kutoka kwenye kidonda cha kipando badala ya kukipa. Usumba nao huweza kuwa na chumvi, maana makumbi mengi ya pwani hulowekwa baharini. Uloweke kwenye ndoo, umwage maji, urudie mara tatu.

Maji nayo yaangalie. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Onja tone moja: ukisikia chumvi ulimini, hayo ni ya kudekia. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote. Ya bomba yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha ili klorini ipungue.

## Hatua ya 1: Funga uzi sasa, kata baadaye

Najua kwa nini unataka kukata mti ukiwa na maua. Unataka rangi uliyoiona, ile ya chungwa au ile nyeupe yenye ukingo wa waridi, na unaogopa ukisubiri utasahau ni tawi lipi. Kipando hutoa rangi ileile ya mti mama, kwa hiyo una haki ya kuchagua kwa macho.

Basi funga uzi kwenye tawi ulilolipenda. Mwombe mwenye mti ruhusa ya kurudi. Mimi nilipoona bogenvilia ya rangi ya dhahabu kwenye uzio wa bibi mmoja mtaani kwetu, nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Akasema, "Marahaba mwanangu, funga tu, huo mti haukimbii." Nilifunga uzi mwekundu na kurudi baada ya wiki sita.

Ndani ya wiki hizo sita, kama mti ni wako au mwenyewe amekuruhusu, urudishe kwenye majani. Bogenvilia huchanua sana ikibanwa na ukame. Ukipogoa ncha zenye maua, ukaumwagilia vizuri mara mbili kwa wiki na kuweka samadi iliyooza kuzunguka shina, utaacha maua na kusukuma matawi mapya. Matawi hayo yakikomaa kidogo ndiyo yenye akiba nyingi na haraka ya kuota.

Kama huna nafasi ya kusubiri, labda nyumba inavunjwa au unasafiri, kata hivyohivyo, ila chukua matawi ya chini na ya ndani ambayo hayajatoa maua. Ongeza idadi pia. Ukitaka miche mitatu, kata vipando kumi.

## Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Kwa Dar vipindi viwili vinanipa matokeo mazuri: kuanzia mwisho wa masika kuingia Juni, na Novemba wakati vuli imelainisha hewa. Januari na Februari joto ni kali mno, kipando kinakauka kabla hakijaamua lolote. Aprili mvua ikiwa nzito inawezekana, mradi makopo yako chini ya paa. Mvua ikiyapiga moja kwa moja, vipando vitaoza.

Kata asubuhi, kati ya saa 12 na saa 2. Usiku mti umejaza maji kwenye matawi yake, na jua bado halijaanza kuyatoa. Jioni ya jana yake mwagilia mti mama mpaka udongo ushibe.

## Hatua ya 3: Tambua tawi lililo tayari

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ncha laini ya kijani inavutia lakini inaoza. Shina la kijivu lenye magome ya zamani linaota polepole sana. Unatafuta la katikati: unene wa penseli, ngozi inayoanza kuacha kijani na kuingia kahawia, na miiba iliyokwisha kuwa migumu.

Likunje kidogo. Likilala kama kamba, ni changa. Likikatika kwa mlio, limezeeka. Linalofaa linapinda, linapinga, na ukiliachia linarudi. Kisha kwaruza gome kwa ukucha sehemu ndogo: chini yake paonekane kijani chenye unyevu.

## Hatua ya 4: Kata, na uondoe maua yote

Pangusa mkasi na wembe kwa spiriti, na urudie kila unapohama mti.

Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye macho manne au matano, yaani mafundo yanapotokea majani. Chini kata mshazari, nusu sentimita hivi chini ya jicho. Juu kata bapa, bila mshazari, sentimita moja juu ya jicho. Sababu ya kukata chini karibu na jicho ni kwamba mizizi hupenda kutokea pale kwenye fundo. Sababu ya mshazari chini na bapa juu ni kukukumbusha upande. Ukikilaza kipando mezani kwa dakika mbili hutajua kichwa ni kipi, na kilichopandwa kichwa chini ni vigumu kuota.

Sasa maua. Chukua shada moja ulishike karibu na macho. Zile karatasi za rangi, ambazo kila mtu huziita ua, ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijimrija chembamba kilichosimama katikati, mdomo wake mweupe kama kinyota. Vyote viwili viondoke, pamoja na vichomozi vidogo vya maua vilivyojificha kwenye makwapa ya majani. Hivyo ndivyo watu wanavyoviacha, na wiki ya pili vinafunguka na kunyonya akiba.

Ondoa majani yote ya chini. Juu bakiza mawili tu, na kila moja likate nusu kwa wembe. Majani hayo mawili yanaendelea kutengeneza chakula kidogo, na kuyakata kunapunguza maji yanayopotea. Punguza miiba upande wa chini usije ukajichoma wakati wa kupanda.

Kila kipando ukishakikata kifunge kwenye kitambaa kilicholowa. Usiviache juani hata kwa muda wa kupokea simu.

## Hatua ya 5: Kidonda na dawa

Kwa wembe, parua gome upande mmoja wa chini, urefu wa sentimita mbili, mpaka uone utepe wa kijani cheupe. Usichimbe mpaka kwenye mti wa ndani. Jeraha hili linafungua njia kwa mizizi na linasaidia dawa kuingia.

Dawa za mizizi za unga zina kichocheo kiitwacho IBA kwa viwango tofauti. Asilimia 0.1 ni kwa mimea laini. Bogenvilia ina mti mgumu, hivyo tafuta kati ya asilimia 0.3 na 0.8. Soma kibandiko, na angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu kichocheo hiki huharibika kwenye joto. Kikopo kilichokaa miezi dirishani dukani, kikipigwa na jua, usikinunue.

Mimina unga kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Usichovye ndani ya kopo lenyewe, utaingiza unyevu na vimelea. Lowesha ncha ya kipando, ichovye sentimita mbili, kisha gonga taratibu unga wa ziada udondoke. Unga mwingi hauleti mizizi mingi, unaunguza.

Wengi wananiuliza kuhusu mshubiri na asali. Nimeshatumia vyote viwili. Haviharibu, lakini kwa bogenvilia sijaona vikifikia dawa. Kama dawa huna, tegemea ubora wa tawi na uongeze idadi ya vipando.

## Hatua ya 6: Tayarisha mahali pa kulala

Changanya mchanga sehemu mbili, usumba uliooshwa sehemu moja, chenga za mkaa sehemu moja. Mimina maji yanayochemka juu ya mchanganyiko, uache upoe kabisa. Maji hayo yanaua ukungu mwingi na mayai ya wadudu.

Kamua konzi moja. Ukiona matone mawili matatu yanatoka kati ya vidole, ni sawa. Maji yakitiririka, uanike kidogo.

Samadi usiweke, mbolea ya dukani usiweke. Kipando hakina mizizi, hivyo hakina mdomo wa kula chakula hicho. Kitakachofaidi ni ukungu. Nilipoanza nilipoteza vipando karibu ishirini kwa mkupuo mmoja kwa kuvionea huruma na samadi ya kuku.

Kata shingo za chupa za nusu lita, toboa matundu matano chini kwa msumari uliopashwa moto, jaza mchanganyiko mpaka sentimita mbili kutoka ukingoni, kisha zungushia nailoni nyeusi. Mizizi hukimbia mwanga.

## Hatua ya 7: Panda

Toboa shimo kwa kijiti kinene kuliko kipando. Ukikisukuma kipando chenyewe, unga wote unabaki juu. Kiingize mpaka macho mawili au matatu yazame, kisha kandamiza pembeni kwa vidole viwili ili pasibaki nafasi ya hewa. Mwagia maji mara moja mpaka yatoke chini.

Andika tarehe na rangi kwenye chupa. Funika kwa ile chupa kubwa, kizibo kikiwa kimefungwa.

Viweke panapopata mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja: barazani, chini ya mwembe, au ukuta wa upande wa kusini kati ya Mei na Agosti, wakati jua limeegemea kaskazini. Kipindi hicho upepo wa kusi ni mwingi na unakausha, hivyo weka kizuizi hata kama ni kipande cha bati.

## Hatua ya 8: Wiki kumi za kuzuia mikono

Siku 1 hadi 14. Ndani ya chupa kubwa asubuhi paonekane ukungu wa maji na vitone. Hiyo ni dalili kwamba unyevu upo, usimwagie. Pasipo na vitone, pulizia kidogo. Kila siku fungua kizibo dakika kumi hewa ibadilike. Yale majani mawili yakidondoka usishtuke, mradi shina ni la kijani.

Wiki ya 3 hadi ya 5. Macho yatafumuka na kutoa vijani vyekundu-kijani. Hapa ndipo wale wanne walipokosea wote: waliona majani, wakafunua, wakahamishia juani, wakaweka mbolea. Usifanye lolote kati ya hayo. Kazi yako ni moja tu, kuvunja kichomozi chochote cha ua kwa ncha za vidole kikiwa bado kidogo kama punje ya mtama.

Kuanzia wiki ya 6. Fungua nailoni nyeusi jioni na utazame ukuta wa chupa. Mwanzo utaona nyuzi nyeupe chache, nyembamba, zikitambaa pembeni ya mchanga. Funga tena. Ukiziona pande tatu na zimeanza kujigawa, umefaulu. Dalili ya pili iko juu: majani yaliyosimama imara saa 8 mchana, na majani mapya yanayokua baada ya yale ya kwanza. Vingine hufikia wiki ya kumi. Shina likibaki la kijani, kiache.

Usivute kipando kupima kama kimeshika. Mizizi michanga ya bogenvilia ni dhaifu, inakatika kama tambi mbichi.

## Dalili mbaya na maana yake

Shina likiwa jeusi na laini kuanzia chini kwenda juu, maji yamezidi au mkasi ulikuwa mchafu. Kiondoe mara moja, na mchanganyiko wake usiutumie tena.

Likikauka na kukunjamana kuanzia juu kwenda chini, unyevu umekosekana au jua limegusa. Likate mpaka ufikie sehemu ya kijani, funika vizuri. Huwa vinaokoka.

Utando mweupe kama pamba kwenye makwapa ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Futa kwa pamba yenye spiriti kisha tenga kipando hicho na wenzake. Wakati wa masika, konokono watakula machipukizi kwa usiku mmoja, hivyo makopo yawe mezani.

## Hatua ya 9: Kuzoesha na kuhamisha

Toa kizibo cha chupa kubwa siku tatu. Kisha inua kifuniko kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni, ongeza muda kila siku. Baada ya siku kumi kiondoe kabisa. Jua la asubuhi lianze kwa nusu saa, lifike muda wa saa tatu kwa siku ndani ya wiki mbili. Majani yakipauka, rudi nyuma siku mbili.

Kuhamisha ndiko kunataka mkono mwepesi kuliko hatua zote. Andaa kiriba au chungu chenye udongo wa tifutifu sehemu mbili, mchanga moja, samadi iliyooza kabisa moja. Mwagilia mche jana yake ili bonge lishikane. Usigonge wala usichomoe. Pasua chupa kwa wembe kutoka juu hadi chini pande mbili, ifungue kama ganda la ndizi, na uweke bonge zima shimoni likiwa halijaguswa. Jazia pembeni, usikandamize kwa nguvu.

Rudisha kivulini wiki moja. Mbolea subiri wiki tatu, na uanze na kiasi kidogo. Mche ukifika urefu wa goti na kutoa matawi ya pembeni, sasa upande ardhini penye jua la angalau saa sita kwa siku. Maua ya mwaka wa kwanza yaache sasa, mizizi ipo.

## Kama ua lako si bogenvilia

Asumini ni rahisi zaidi. Tumia tawi lililo laini kidogo, sentimita 10, dawa ya asilimia 0.1, na ndani ya wiki nne au tano huwa tayari. Ondoa vikonyo vyote vya maua vilevile.

Haibiskasi fuata hatua hizihizi, itaota mapema kuliko bogenvilia.

Waridi lina tofauti moja nzuri. Shina lililotoka kumaliza kuchanua, ambalo petali zake zimedondoka, ndilo lenye ukomavu unaofaa. Kata ncha yenye ua lililonyauka, tumia sehemu iliyo chini yake.

Waridi la jangwani vaa glavu, utomvu wake ni sumu na huko nyuma ulipakwa kwenye mishale. Watoto wasikae karibu unapokata. Usilipande siku hiyohiyo: lifute, lilaze kivulini penye hewa siku tano hadi saba mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu, ndipo ulichomeke kwenye mchanga mkavu, bila kulifunika na chupa.